Tuzo ya Ubunifu na Rashi ya Nyuma ya Ofisi

Ndugu zangu, leo nimepatikana. Naandika nikiwa nimejifungia ofisini, hapa Bugarama, na nje sururu zinalia.

Asasi yetu ndogo ilikuwa inawania tuzo ya ubunifu. Ubunifu wenyewe ni mtambo wa kuosha mchanga wa dhahabu bila zebaki, na aliyeubuni ni mimi (hadi jana nilikuwa najisifu). Majaji wakiukubali, mradi unaendelea. Wakiukataa, mwisho wa mwezi narudi kwetu Kishapu kulima pamba.

Mchanga tulioahidiwa kutoka shimoni haukufika. Majaji wako njiani! Nikachota mchanga wa nyuma ya ofisi, jirani na choo. Halafu shetani akanipitia. Mfukoni nilikuwa na hereni moja ya mke wangu, ya kupeleka kwa sonara. Nikaipiga tupa, unga wake nikauchanganya humo. (Kidogo tu. Cha kuonjesha.)

Majaji watatu wakafika, wakiongozwa na mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Shikamoo, marahaba, mtambo ukawashwa. Tope likateremka, kikabaki kitu kinang'aa.

"Jamani!" akasema Mama Jaji. "Mchanga huu mmeutoa wapi?"

Kabla sijatunga uongo, akajibu Masanja, mchimbaji niliyemwalika mwenyewe aje kushuhudia.

"Hapo nyuma, mayu. Nimemwona akichota kwa macho yangu haya."

Kisha akatoa simu.

"Njooni! Nyuma ya ofisi ya asasi! Rashi!"

Huku machimboni neno hilo halirudiwi mara mbili. Likisikika, watu wanakimbilia dhahabu mpya hata kama wapo msibani. Dakika kumi, uwanja umejaa! Sururu, makarai, mama lishe na sufuria lake. Wakagawana viwanja kwa hatua za miguu, wakang'oa ua, choo kikaanza kuinama. Niliogopa, nasema kweli. Nikapanda juu ya kiti na kipaza sauti cha mradi, mbele ya majaji.

"Wananchi, hapa hakuna dhahabu! Hiyo ni hereni ya mke wangu! Nimeitia mwenyewe!"

Sururu zikasimama hewani. Mama Jaji akafunga daftari taratibu, na mimi nikatamani ardhi inimeze (mashimo yalikuwepo ya kutosha).

Masanja akacheka.

"Msimsikilize! Anataka abaki nayo peke yake!"

Wakaongeza kasi. Choo kikaenda chini.

Mama Jaji akanivuta pembeni. Nikainamisha kichwa, nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Mwanangu, tuzo sahau. Ila niambie ukweli, ulichota upande gani?"

Anayetaka kucheka acheke. Ila asije na jembe.