Neema ya Kiganja

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Kiganja cha kulia kinaniwasha tangu alfajiri. Neema hiyo, pesa zinakuja! Jumamosi mwalimu mkuu anakuja kuchagua fundi wa kushona sare za shule: mimi, au Fundi Mkasi wa duka la jirani, yule mwenye cherehani ya umeme na majivuno yake. Mke wangu anasema hata watoto wanajikuna. Nikamwambia basi neema ni ya nyumba nzima. Hakucheka.

Jumanne, tarehe 4
Sikulala. Vidole, kiuno, kwapa, kote moto! Mke wangu akanikokota zahanati. Muuguzi akasema ni upele: vijidudu visivyoonekana kwa macho vimechimba ngozini na kutaga mayai. Nyumba nzima tupake dawa usiku mmoja, shingoni hadi nyayoni, turudie baada ya wiki, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Nikauliza, kwa heshima zote, kama huambukiza kwa kupeana mikono. Akasema ndiyo, mkishikana muda mrefu. Akawa anaeleza kwamba dalili huchelewa wiki kadhaa kuonekana, ila mimi nilikuwa tayari mlangoni.

Jioni wote wamepaka. Mimi nikajifungia bafuni, nikamwaga maji, nikaimba, nikajipaka kidogo shingoni kwa ajili ya harufu. Niifute neema kabla ya Jumamosi? Sina wazimu!

Jumatano, tarehe 5
Nimemtembelea Mkasi. Nimemshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamuulizia mama yake, wakwe, mashemeji, hadi mbuzi. Machozi yalimlengalenga. Akasema kumbe nampenda hivi! Jumamosi atajikuna hadi aaibike.

Jumamosi, tarehe 8
Balaa! Mkasi ametulia tuli, hajikuni hata sikio. Mimi nikiwa nampima mwalimu mkuu mabega kwa majaribio, kiuno kikalipuka. Nikajikuna kwa rula, kisha nikampimia mkono kwa rula hiyo hiyo. Akarudi nyuma, akauliza naumwa nini. Nikasema ni mori wa kazi. Sare amepewa Mkasi.

Nyumbani mke wangu akakuta chupa yangu ya dawa bado karibu imejaa. Amenipaka mwenyewe uani, mwili mzima, watoto wakitazama.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili
Ngozi safi, usingizi mtamu. Mkasi amekuja dukani. Anasema kazi imemzidi, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyemuulizia mama yake, tugawane sare nusu kwa nusu. Aibu ikanishika, kweli kabisa. Nikataka kumwambia yote, na dawa nimtajie.

Hapo hapo nikamwona anajikuna kiganja. Cha kulia! Kumbe mwizi ni yeye! Ndiyo maana changu kimenyamaza, na sare zote zikaenda kwake. Nusu ya nini? Nimempa mkono wa makubaliano, nikaushikilia mpaka chai niliyomkaribisha ikapoa. Neema yangu itarudi yote.