Ufunguo wa Bukene Uko Shingoni Mwangu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeonewa! Miaka minne sasa, mimi Lukumani ndiye ninayepanda treni kwenda Bukene na Usoke kuendesha kompyuta za chama chetu cha warina asali. Nafika, nafungua, nawasha, nasubiri asali ipimwe, nazima, nafunga, narudi. Bukene wananichinjia kuku. Usoke wananipa kiti chenye mto. Babu wa babu yangu alikuwa kirongozi wa misafara. Alitangulia mbele na bendera kutoka hapa hadi pwani, hakuna mpagazi aliyethubutu kumpita. Damu ni hiyo hiyo.

Leo Zuwena kaniamkia shikamoo baba mkubwa kwa sauti laini mno. Huyu ni binti wa marehemu mdogo wangu, fundi wa kompyuta pale ofisini. Nikajua kuna jambo. Kasema ameongeza kitu kwenye ile programu yake anayoiita meneja. Kuanzia Jumamosi, kompyuta za Bukene na Usoke zitaongozwa kutoka hapa Tabora. Mimi nitapumzika.

Nitapumzika! Nani kamwambia nimechoka?

Jumanne, 17 Juni

Nimefanya uchunguzi. Zuwena anadai kompyuta kubwa ya Bukene imebeba nyingine tatu tumboni. Moja ya mizani, moja ya majina ya wanachama, moja ya kutuma ujumbe kwenye simu zao. Anaziita mashine pepe. Hazina mwili. Nikamwambia miaka minne nafuta vumbi mle ndani, sijaona mtoto hata mmoja. Kacheka mpaka miwani ikaanguka.

Kazi ya meneja ni kuziamsha na kuzilaza hizo pepe. Zamani alikuwa anaziona za hapa ofisini tu. Sasa anazifuata hadi Bukene kwa njia inayoitwa SSH. Herufi hizo kaniandikia yeye. Amri inafungwa kama barua yenye lakiri, hakuna wa kuisoma njiani, inafika kule inatekelezwa. Nikauliza nani anaibeba. Hakuna, kasema. Inakwenda yenyewe.

Barua bila mpagazi! Nikatoka nje nikapigwe na upepo.

Hila ya kwanza: kuchomoa waya. Zuwena alipokwenda kula, nikachagua waya mnene mweusi, nikauchomoa, nikakaa kusubiri kilio. Kilio kikatoka chumba cha pili, kwa Mama Apolinaria, mwenyekiti wetu. Kumbe waya wa birika lake la chai. Nikauchomeka haraka. Akanishukuru, akasema mzee Lukumani una jicho kali.

Kweli ninalo.

Jumatano, 18 Juni

Awadhi kanidhalilisha. Ni jirani yangu hapa Cheyo, mstaafu wa reli, mdomo haujui kustaafu. Tuko kwenye bao, karopoka mbele ya wazee wote: eti Bwana Treni, nasikia wamekupokonya treni! Eti sasa nitachunga kuku badala ya kuwala. Wazee wakacheka hadi kukohoa. Nikaliwa kete kumi na mbili.

Nyumbani nako, Maua mke wangu anasema Baba Shamila, heri upumzike, mgongo wenyewe huo. Nimezungukwa na maadui.

Lakini wakati wa kunawa nikapata hila ya pili, kubwa. Kama amri zitatoka Tabora, basi mtoa amri niwe mimi! Nitaishika bendera kabla hawajampa mwingine.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemwambia Zuwena anifundishe. Kafurahi, machozi yakamlenga. Maskini hajui hila.

Mlangoni mashine inataka neno la siri. Ninalo, kanipa. Lakini mimi siingii kwa watu bila hodi, sikulelewa hivyo. Nikaandika hodi, kwa kidole kimoja. Ikakataa. Hodi. Ikakataa. Hodi ya tatu ikafunga mlango kabisa, ikanitaka nirudi baada ya robo saa. Nikaipenda papo hapo! Nyumba yenye adabu. Hodi tatu, husikii karibu, unakwenda zako. Zuwena alishika kichwa kwa mikono miwili.

Baada ya robo saa nikaandika neno lake la siri. Nikaingia. Nilikuwa Bukene! Nimekaa Tabora, kikombe mkononi, niko Bukene! Nikaiamsha pepe ya mizani, nikailaza, nikaiamsha tena. Inatii kuliko watoto wangu. Zuwena kasema baba mkubwa wewe hodari. Habari ya zamani hiyo.

Kisha kaanza kunionya. Pepe nizizime na kuziwasha nitakavyo, lakini ile kubwa iliyozibeba nisiiguse. Ikizimika, kule hakuna sikio la kusikia amri ya kuwaka. Nikamjibu asinifundishe Bukene, naijua kabla hajaota meno.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya maonyesho. Nimevaa kanzu na koti. Wajumbe saba, Mama Apolinaria mbele. Hata Awadhi kaja, kajifanya mrina asali. Ana mzinga mmoja, wa mchwa.

Bundala, karani wa Bukene, yuko kwenye simu. Kasema watu arobaini wamejaa uani na ndoo zao, wanangoja mizani. Nikaanza kuwaeleza wajumbe habari za babu wa babu yangu. Nilikuwa bado sijamfikisha Ugogo, Mama Apolinaria akasema mzee, tafadhali, watu wako juani.

Nikaingia bila hodi. Roho iliniuma. Nikaiamsha pepe ya mizani. Bundala akapiga kelele, imewaka! Makofi! Nikasikia ndoo zinapimwa kule, moja baada ya nyingine. Mama Apolinaria akatamka mbele ya wote kwamba tangu leo mimi ndiye msimamizi, na meza ile ni yangu. Nikamtazama Awadhi. Akatazama dari.

Basi nikamaliza kazi kama ninavyoimaliza miaka minne. Mimi si mtu wa kuondoka na kuacha umeme wa chama unaungua bure. Nikazima. Ile kubwa. Na tumbo lake lote.

Bundala kwenye simu: imezimika, na ndoo ishirini hazijapimwa! Zuwena kafumba macho. Kisha akaandika, akaandika. Bukene haijibu. Akasema polepole kwamba sasa lazima mtu aende kwa miguu yake akabonyeze kwa kidole chake. Wakaulizana ufunguo uko wapi. Nikafungua kifungo cha kanzu.

Shingoni!

Awadhi alisema neno ambalo siliandiki humu.

Mama Apolinaria kaniita pembeni. Kasema niende na treni ya kesho. Nikivuruga tena, nitakabidhi meza, funguo, na safari zote, za Bukene na za Usoke. Nimemjibu anashughulika na mzao wa kirongozi, alale usingizi.

Jumapili, 22 Juni

Nimefika Bukene nikiwa tayari kupokelewa. Hakuna aliyenipokea. Ua mtupu, limebaki jike moja la bata. Ndani kompyuta inanguruma, mizani inawaka, ndoo zote zilipimwa jana!

Bundala kaniamkia, macho chini. Akakiri. Anao ufunguo wa pili. Aliuchongesha mwaka wa kwanza, siku treni iliponiacha kule nikalala kwake. Jana aliogopa kusema mbele yangu, akamnong'oneza Zuwena baadaye, akafungua, akabonyeza. Zuwena kanipigia simu mara kumi na moja nisije. Simu nilikuwa nimeizima, kuhifadhi chaji.

Miaka minne ananidanganya! Nimemnyang'anya ufunguo wake. Nimeuvika kwenye uzi mmoja na wangu, nikafunga kwa fundo la wapagazi.

Kuku alichinjwa hata hivyo. Firigisi nilipewa mimi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekaa na kompyuta kutwa nzima. Nimeifuta vumbi kwa kanga ya mke wa Bundala. Jioni nikaiaga, nikafunga, nikapanda treni. Safari njema.

Jumanne, 24 Juni

Nimetoa taarifa kwa Mama Apolinaria nikiwa nimesimama wima: kompyuta ya Bukene imekaguliwa, iko salama, na ufunguo wa wizi umetekwa. Alianza kutabasamu.

Zuwena akaingia mbio. Bukene haijibu tangu jana jioni. Watu wamejaa uani na ndoo. Bundala kasimama mlangoni, hana cha kufungulia.

Nilishangaa mno! Niliiacha vizuri kabisa. Nakumbuka kila hatua. Nilizima, nikachomoa na waya, nikafunga mlango, nikavuta kitasa mara mbili. Kazi safi. Nikawaambia wazi kwamba hizi amri zisizo na mpagazi ndizo zimeiharibu mashine. Wakatazamana. Niliona hoja imewaingia.

Mama Apolinaria akanyoosha mkono apewe funguo, zipelekwe na dereva wa basi. Nikajaribu kuuvua uzi. Haupiti kichwani. Zuwena akajaribu fundo, kucha ikavunjika. Akaletwa mkasi wa ofisini, mkasi butu. Mwishowe mwenyekiti akakaa chini, akasema haya mzee, nenda nazo, nenda na shingo yako.

Nimeshinda! Kesho napanda treni. Maua anapanga mkoba. Nimempitia Awadhi kumuaga, makusudi.

Zuwena kaniomba kitu kimoja tu, nisizime simu njiani. Nimemwahidi. Nimeizima sasa hivi, ili kesho iwe na chaji.