Kiti cha Rubani Kinachozuia Harusi

Kwa Mheshimiwa Mtunza Ndege za Kale, hapo Makumbusho.

Shikamoo baba. Huenda nimekuzidi umri, lakini cheo nacho kina mvi zake. Hapa nyumbani hatujambo. Baba watoto hajambo ila goti. Bibi hajambo, anasikia anachotaka kusikia. Binti yangu hajambo. Mkwe mtarajiwa, mchumba wa mwanangu wa kiume, hajambo ila amenuna. Mwanangu fundi saa, yule anayekuandikia kila mara, ndiye simwelewi.

Anaunda ndege ya vita ya kale, ndogo kama kiatu. Mbawa tayari, mkia tayari. Kimebaki chumba cha rubani, nacho hakiishi kwa sababu yako. Nalalamika hivi:

1. Ulimpelekea picha ya kiti cha rubani, kumbe kilisukwa kama tenga. Siku ile ile ungo wangu ukafumuliwa. Sasa napepeta mchele kwa sinia.

2. Ukamwambia kulikuwa na nyaya za kuvutia mkia. Basi nikichana nywele tu, yuko nyuma yangu na kibano, anaokota nyaya.

3. Ukamwambia dira ilikaa sakafuni, si mbele. Akabomoa, akaanza upya. Baba, kunyamaza kulikushinda nini?

4. Hili ndilo linaniliza. Kaapa haoi mpaka ndege ifungwe, na haifungi mpaka ajue kishikio cha usukani kilikuwa rangi gani. Na ikishagandishwa ubavu kwa ubavu, hakuna jicho litakaloona humo ndani tena! Namuuliza anampambia nani, ati rubani atajua. Rubani wa plastiki, hata uso hajapakwa! Wakwe wameshasogeza harusi mara mbili. Wakisogeza tena, watamsogeza na binti yao.

Kwa hiyo mwandikie kwamba mle ndani hamkuwa na kitu, rubani alikaa hewani. Wewe msomi, atakuamini. Akibisha, ng'oeni kila kitu kwenye ile ndege yenu halisi, mpige picha pakiwa patupu. Kubeba tutasaidia.

Wasalimie wa kwako wote, na mlinzi wa mlangoni, na anayezifuta ndege vumbi, maana hiyo nayo kazi.

Ni mimi mwenye uchungu wa mwana,
Mama Fundi Saa

Nyongeza: Sijafunga bahasha, mkwe mtarajiwa kaingia kuvunja uchumba. Mwanangu kampa kioo cha kukuzia, achungulie kwanza ndipo aondoke. Binti huyo ni fundi wa mabegi. Kachungulia wee, kisha kasema mkanda wa kiti umefungwa kinyume, rubani atachomoka. Sasa wameinama wote wawili, vichwa vimegusana, na kicheko juu. Nami nimechungulia: kweli baba, atachomoka! Basi futa niliyosema. Tuletee picha ya mkanda upesi sana, tunakungoja. Ndege haifungwi hivi hivi, nakataa mimi mwenyewe.