Kombe Lenye Nafasi ya Jina Moja

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeteuliwa! Bi Zdenka, mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege za rimoti, kasema tumechoka kugombania alama kila mwaka, basi mhandisi mstaafu atunge kanuni ya haki kabla ya mashindano ya Jumamosi. Mhandisi huyo ni mimi. Kombe letu limebakiwa na nafasi ya kibati cha jina moja tu, kisha litafungiwa kabatini kule baa. Miaka yote hii jina langu halimo. La Bohumil, muuza nyama, limo mara tano! Nikamwambia mke wangu Libuše kwamba sasa haki itatendeka. Akauliza haki ipi, ya wote au yangu. Nikaenda kuchonga penseli.

Jumanne, 5 Agosti
Rasimu ya kwanza. Ndege zetu hazina injini. Anayekaa hewani muda mrefu ndiye huvuna. Mimi hushuka mapema, lakini kutua palepale penye shabaha najua, hata wabaya wangu wanakiri. Basi: kukaa hewani, alama chache. Kutua, alama chungu nzima! Bi Zdenka akasoma, akavua miwani, akasema kwa kanuni hii mtu ataiachia ndege ianguke miguuni pake na kubeba kombe. Nikasema nilikuwa nawapima tu. Bohumil akacheka mpaka bia ikamtoka puani. Mshenzi.

Jumatano, 6 Agosti
Rasimu ya pili. Tamu! Asubuhi hewa yetu imelala, haibebi kitu. Mchana mashamba ya ngano yaliyovunwa yanapata joto, hewa inapanda yenyewe. Kumlinganisha mtu wa asubuhi na wa mchana ni uonevu. Kwa hiyo makundi mawili, kila moja na saa zake, mizunguko kadhaa. Kila mzunguko, bora wa kundi anapata alama elfu moja, na wenzake wanapimwa kwake tu. Imepita bila kupingwa! Bohumil kaninunulia bia. “Bwana Mhandisi, hapo umemaliza kazi.”

Njiani kurudi nyumbani nikaona mwanya. Makundi yatapangwa kwa kura, na anayechota ni mtunga kanuni. Bohumil nimtupe asubuhi kwenye hewa mfu. Mimi mchana!

Ijumaa, 8 Agosti
Kura. Karatasi yenye jina la Bohumil ililala usiku kucha kwenye friji, ndani ya pakiti ya jibini la Olomouc. Anayelijua jibini hilo kwa harufu hahitaji maelezo. Karatasi yangu nikaificha chini ya mkanda wa saa, isije ikachotwa kwa asubuhi. Nikachota kundi la asubuhi, pua karibu na bakuli. Bohumil! Bi Zdenka akauliza kama kuna panya kafia ukumbini. Bohumil akasema labda ni soksi zake, akaomba radhi kwa wote. Nusura nimwonee huruma.

Jumamosi, 9 Agosti
Maafa.

Asubuhi hewa ilikuwa mfu, kama nilivyopanga. Wenzake Bohumil wakashuka mmoja mmoja. Yeye akaibembeleza ndege yake juu ya paa la ghala, akakaa mara mbili yao. Elfu moja! Wenzake nusu. Mzunguko wa pili vivyo hivyo. Mizunguko yote! Hewa mbovu haikumdhuru hata kidogo. Kanuni yangu inafanya kazi! Nilitaka kulia.

Mchana hewa ikambeba kila mtu. Elfu ikawa inazunguka, mara ya huyu, mara ya yule. Kilichobaki kututenganisha ni kutua, fani yangu. Mshika saa wangu akawa Bohumil, kwa kuwa kundi moja hulishikia saa jingine. Kanuni yangu tena. Akaninong'oneza, “Anza kushuka sasa, Mhandisi. Hewa hii haitakuachia.” Mtego! Nikangoja. Kengele ya kufunga mzunguko ikalia ndege ingali juu, haitaki kushuka. Alama za kutua, sifuri. Mzunguko uliofuata akaniambia tena. Nikangoja tena. Nimeshika mkia.

Jumapili, 10 Agosti
Baa. Bohumil kasimama kupokea kombe. Akasema vibati vitano vinamtosha, mkewe keshachoka kuvisikia. Cha mwisho kiandikwe jina la Oldřich Vrbka, aliyetunga kanuni safi kiasi kwamba hata yeye mwenyewe haikumpendelea. Watu wakapiga meza kwa viganja. Nililia mbele yao wote. Nilitaka kukiri habari ya jibini, kweli nilitaka, na mdomo nilishaufungua. Bi Zdenka akaniwekea sahani ya matonge yenye plamu ndani. Nikala.

Jumatatu, 11 Agosti
Niliamka na aibu. Ikadumu mpaka kahawa. Kisha Bi Zdenka akapiga simu: klabu inanunua kombe jipya, tupu kabisa, je, nitatunga kanuni za mwakani? Nimekaa na kalamu asubuhi nzima, na kosa langu nimeliona. Asubuhi mtu mmoja huzoa elfu zote! Mwakani Bohumil mchana, mimi asubuhi.

Libuše kafungua friji, akauliza kwa nini kuna karatasi yenye jina langu ndani ya jibini lake. Nikamwambia ni majaribio. Akasema majaribio yatanifaa zaidi uwanjani, nikajifunze kurusha ndege. Muda huo nitautoa wapi? Nina kombe la kushinda.