Fikasi ya Bafuni

Jumatatu, 6 Oktoba

Gervas, muuza miche mwenzangu, mshenzi! Kabla hata sijanywa chai, ameshampelekea Anastazia, meneja wa loji, picha ya fikasi yake, ule mti wa jamii ya mkuyu. Meneja anataka mti mmoja wa kwenye chungu, wa kuweka mapokezi, lazima uwe na mizizi inayoning'inia kutoka matawini. Mwenye mti huo ndiye atakayetunza bustani ya loji. Kazi ya kudumu! Mimi nimechoka kuuza miche barabarani hapa Utemini, upepo unanimwagia vumbi mpaka kwenye meno.

Mizizi hiyo inataka hewa yenye unyevu. Unyevu, Singida, Oktoba! Lakini mimi si mjinga. Mti wangu unakaa bafuni tangu Juni. Nimeuvika nailoni, kila asubuhi namwaga maji ya moto sakafuni, mvuke unapanda. Mizizi imeshatoka, myekundu, myembamba. Mke wangu, Mama Loyce, analalamika kwamba anaoga amekumbatia mti. Avumilie.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa! Mama mkwe ameingia kutoka Mtinko bila taarifa, na kuku na begi. Begi kubwa! Nimemwamkia shikamoo kwa mbali, macho chini, inavyotakiwa. Tatizo ni bafu. Bafu analoogea mama mkwe, mkwe wa kiume halisogelei. Kwetu hilo halina mjadala. Basi mti uko ndani, mimi niko nje. Nimemwambia Mama Loyce autoe. Akanijibu kwamba yeye si punda.

Naoga kwa Gervas. Kwa Gervas! Kanipa na sabuni, huku anacheka. Fikasi yake iko uani, kila mzizi kaupitisha kwenye mrija wa soda uliojaa udongo mbichi, eti ushuke taratibu. Nikamwambia huo ni utoto.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nina hasira! Mama mkwe amesafisha bafu. Kanitumia salamu kupitia mke wangu kwamba mti ulikuwa umeota ndevu, amezinyoa zote kwa wembe na shina kalisugua kwa sabuni ya unga, kisha kautoa uani. Anauliza kama nimefurahi.

Angekuwa mtu mwingine, mtaa mzima ungenisikia. Kwa mama mkwe utasema nini? Nimejibu kwamba nashukuru sana, Mungu ambariki. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga ndoo teke. Kidole kimevimba.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimechambua kamba ya katani, nikaloweka nyuzi kwenye chai ya rangi, nikazibandika matawini kwa gundi ya shule ya binti yangu Loyce. Imependeza kuliko ile ya Mungu! Mama Loyce anasema nikamweleze meneja ukweli. Ukweli utanipa kazi?

Jumatatu, 13 Oktoba

Meneja alishika mdomo kwa mshangao nilipoufikisha mti loji. Raha iliyoje! Halafu dada wa mapokezi akaupulizia mti maji ili ung'ae kwenye picha. Mizizi ikaanza kudondoka kwenye vigae, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wageni. Gervas amepata kazi. Nilitamani kummeza mzima mzima.

Meneja hakunifukuza. Aliinamia mti akaona kizizi kimoja, cha kweli, ambacho wembe ulikiruka. Kasema varanda ya juu nayo inahitaji mti na mtunzaji. Nikiurudisha Desemba na mizizi yake yenyewe, kazi hiyo ni yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama mkwe kaondoka, bafu liko wazi. Mama Loyce anasema hapo sasa ni maji tu na kungoja, asinione nafanya ujanja mwingine. Gervas naye, mnafiki, kaniletea mirija. Nimeitupa jalalani.

Ningoje Desemba, na katani imejaa sokoni? Kosa langu nimeshalijua. Ile gundi ilikuwa ya watoto. Nimetoka kwa fundi viatu sasa hivi na kopo zima la gundi yake, na kile kizizi kimoja nimekikata, maana kilikuwa kinaharibu mpangilio.