Tsili, Sauti Yangu na Hila za Vuai

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Fedheha! Dullah, ambaye ndani ya stoo yake ya mizigo hapa Guangzhou ndimo tunamosali, ametangaza kwamba Alhamisi nitasalisha Isha, kisha jamaa waamue nani awe imamu wa kudumu: mimi au Vuai. Waamue! Mimi niliyesoma vyuoni Zanzibar hadi ndevu zikaota mvi, nipimwe na muuza viatu wa soko la Liuhua! Wanasema Vuai ana sauti. Hata saa yangu ya ukutani inayoadhini ina sauti.

Jumanne, 9 Septemba
Koo limenikauka. Bibiana, jirani yangu mnunuzi wa nguo kutoka Moshi, amenipeleka madukani mtaa wa Yide Lu kununua tunda liitwalo tsili. Huzaliwa na kichaka cha miiba huko milimani, nalo lenyewe limevaa miiba. Mwenye duka anasema ni dawa ya koo na tumbo. Nimechukua mfuko mzima. Bibiana akanionya: moja tu, Babu, tena ukishakula chakula; tumbo la uzeeni si la kufanyia majaribio. Adabu gani hii?

Alhamisi, 11 Septemba
Nilifunga sunna. Badala ya tende nikafuturu kwa tsili saba, kwani idadi ya witri, isiyogawanyika kwa mbili, ina baraka. Uchachu ulinitoa machozi. Nikayahesabu kuwa unyenyekevu. Sauti ikafunguka! Fatiha ikatiririka. Rakaa ya pili, tumbo likanguruma kunishinda. Udhu ukanitoka. Sheria inaagiza imamu ajitoe na kumvuta wa nyuma yake ashike nafasi. Nyuma yangu alisimama nani? Vuai! Alijipanga pale kwa hila.

Baadaye akanishika mkono akasema, pole Maalim, sote tuna matumbo. Matusi ya wazi! Dullah amenipa Isha ya Jumamosi, eti kwa huruma.

Jumamosi, 13 Septemba
Bibiana amecheka hadi akakaa chini, akauliza kama hakuniambia moja. Hajui elimu ya tiba. Nimetafakari kwa utulivu: saba yalikuwa machache, dawa ikaishia njiani. Leo nimekula kumi na moja.

Wamemchagua Vuai. Kutoka maliwatoni nilimsikia waziwazi akisalisha kwa niaba yangu: madda, ule mvuto wa herufi, ameikata kabla ya wakati wake, na hakuna hata mmoja aliyemrekebisha! Ningemrekebisha mwenyewe, lakini mahali nilipokuwa hapafai kutamkiwa aya. Koo langu, alhamdulillahi, lilikuwa safi kabisa.