Chumba cha Mbele, Karibu na Dereva

Mwanamize Awadh,
Fundi wa Nguo,
Mkabala na Stendi ya Mabasi,
Garsen.

Kwa Kaka Abdulnasser Awadh,
Mwenyekiti, Kamati ya Safari ya Mwanamize,
Garsen.

MINTARAFU: KUCHAGULIWA CHUMBA CHA MELI NA WATU WANAOTEMBEA

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Najua utashangaa kuletewa barua na mtu ambaye ukifungua dirisha lako unaliona bati la duka lake. Nimeandika kwa sababu kwa mdomo hujanipa nafasi tangu nilipojifunza kusema, na karatasi huwezi kuikatiza. Tafadhali isome yote kabla ya kumwita mtu.

Kwa faida ya wanakamati utakaowasomea, naanza na chanzo. Mwanangu Haroun ni mpishi katika meli ya watalii inayopita Mombasa mara chache kwa mwaka. Mwaka huu wakubwa wake walimruhusu kumpandisha mzazi mmoja, na msindikizaji akihitajika, kwa siku nane, kutoka Mombasa hadi Unguja, Shelisheli na kurudi. Mzazi huyo ni mimi. Nyonga yangu ilivunjika miaka sita iliyopita, pikipiki iliponigonga pale Minjila. Ndani ya nyumba natembelea magongo. Nje natumia kiti cha magurudumu. Haroun akatuma ujumbe kwamba chumba kichaguliwe na fomu ijazwe kabla ya Ijumaa. Kwa heshima, akautuma kwako wewe uliye mkubwa wetu. Matatizo yangu yalianzia kwenye heshima hiyo, nami nayaorodhesha kwa adabu zote.

1. Mlifungua kundi la WhatsApp lenye jina langu na picha yangu. Watu kumi na wanne walikuwemo, mimi sikuwemo. Alikuwemo hata Ishmael anayetengeneza simu, ambaye mpaka leo sijui ukoo wetu unaingiliana naye wapi. Nilipompigia binti yako Sumeya kule Mombasa kumuuliza, alinijibu, "Shangazi, Baba amesema tusikutie, usije ukapata wasiwasi." Kaka, niliupata.

2. Meli si basi la Lamu. Nimeoneshwa ujumbe wako kwa kundi: "Dada yetu hatawekwa nyuma wala chini kama mzigo. Atakaa mbele, juu kabisa, karibu na dereva, apate upepo." Watu tisa walikuunga mkono kwa vidole gumba. Nakiri kwamba maneno yako yalinigusa moyo. Lakini mbele kabisa, ghorofa ya juu, ndipo meli inaporuka zaidi ikikutana na mawimbi. Na kutoka kwenye lifti hadi chumba hicho ni mwendo kama wa kutoka dukani kwangu hadi soko la mifugo, juu ya zulia nene ambamo magurudumu yanazama kama lori kwenye njia ya Bangale wakati wa mvua. Dereva mwenyewe sikumwona hata siku moja.

Katika kikao chenu, aliyesema la maana ni Mzee Halake peke yake, yule anayeleta ng'ombe kutoka Bangale. Alikuja dukani nimpindie shuka, akanisimulia. Aliwaambia kwamba ng'ombe dhaifu husimamishwa katikati ya lori, maana katikati hakurushi sana. Mkamcheka. Kisha akawauliza, "Sasa huyu mama mwenyewe amesema nini? Ng'ombe haiwezi kusema. Huyu anaweza." Mkamshukuru kwa mchango wake, mkaendelea na ajenda.

3. Fomu uliijaza wewe, na nakala ninayo. Paliulizwa: msafiri anaweza kupanda ngazi? Ukaandika, "Anaweza akitiwa moyo." Paliulizwa: anahitaji msaada gani? Ukaandika, "Dua." Paliulizwa upana wa kiti chake cha magurudumu. Ukaandika, "Wa kawaida."

Kaka, nakushonea kanzu huu mwaka wa thelathini. Sijawahi hata siku moja kuandika daftarini kwamba tumbo lako ni la kawaida. Nimezungusha utepe, nimenyamaza, nimekata kitambaa kulingana na hali ilivyo. Kiti changu kina upana wa inchi ishirini na sita. Mlango wa chumba ulichonichagulia una inchi ishirini na mbili. Hesabu hii haihitaji kamati.

4. Wifi yangu Bahiya alitaka chumba kiwe na vitanda viwili ili anisindikize, asilale sebuleni kama mgeni. Namshukuru. Siku mbili kabla ya safari akaghairi, kwa kuwa amesikia baharini watu hutapika. Yeye akabaki Garsen. Kitanda chake kikasafiri.

5. Hapa naomba usome polepole. Tulipandishwa melini saa tano asubuhi. Mhudumu wa vyumba, mtu mzima mpole, alinisukuma hadi mlangoni, kiti kikakwama. Akakivuta nyuma, akajaribu tena kwa kukiinamisha kidogo, kana kwamba kiti kingebadili nia. Mwishowe kiti kikabaki nje kwenye ujia, nami nikaingia kwa magongo, nikipita ubavuubavu kati ya kitanda changu na cha Bahiya kama kaa. Mlango wa bafu ulikuwa na kizingiti cha chuma, inchi nane, kinanifika katikati ya muundi.

Meli ilipong'oa nanga, sakafu ikaanza kupanda na kushuka. Nilisimama mbele ya kile chuma, gongo moja huku, gongo moja kule, nikawaza nikiinua mguu mzima, huu mbovu utanishika? Nikarudi kitandani. Tangu adhuhuri ile hadi siku ya pili nilikataa chai, nikakataa maji, nikakataa hata maji ya dafu aliyoniletea Haroun kutoka jikoni, ili nisiwe na haja ya kuvuka. Haroun alidhani ni kichefuchefu. Nikamwacha adhani hivyo. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe, amefurahi, kila anayepita anamwambia, "Huyu ndiye mama yangu." Ningemwambiaje?

Bahari sikuiogopa. Wewe na mimi tumezaliwa Kipini, tukaogelea kabla ya kujua kufunga shuka. Niliogopa kuanguka chooni peke yangu, nikasubiri mtu mpaka ajue nimeanguka. Hili sijamwambia mtu mwingine, na ukilisoma mbele ya kamati, liruke.

Siku ya pili, tukiwa tumetia nanga Unguja, alipita bibi mmoja anayeshughulikia wageni melini, Mkenya mwenzetu aitwaye Stacy. Akakiona kiti changu pale nje, akagonga mlango.

"Mama, hiki kiti ni chako?"

"Ni changu."

"Na chumba hiki ulikichagua mwenyewe?"

"Nilichaguliwa."

"Na nani?"

"Na kamati."

Sikusudii kukuudhi, lakini hakucheka. Aliketi kwenye kitanda cha Bahiya, pasipokuwa na pengine pa kukaa, akaanza kuniuliza. Mkono wangu wenye nguvu ni upi? Naoga nimekaa au nimesimama? Kitanda kikiwa juu kiasi gani naweza kuinuka bila kushikwa? Usiku naamka mara ngapi? Kaka, nilijibu kama mtu anayehojiwa redioni. Nilijibu mpaka nikapitiliza, nikamweleza na cherehani yangu niliyoibadilisha niikanyage kwa mguu mmoja. Miaka sita watu wananihurumia, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni mkono upi.

6. Kuna wageni wawili walioteremka Unguja wasirudi, nikapewa chumba chao. Kiko katikati ya meli, ghorofa ya chini, milango mitatu tu kutoka kwenye lifti. Hakina roshani wala ule upepo wako. Dirisha lake halifunguki. Nilitoa utepe kwenye mkoba nikapima: mlango, inchi thelathini na tatu. Bafu halina kizingiti kabisa. Sakafu inakwenda moja kwa moja, ikiinamia kidogo panapotokea maji. Kiti cha kuogea kimefungwa ukutani. Chuma cha kushikilia kiko kulia, kwenye mkono wangu.

Stacy alipoondoka niliingia bafuni na kiti changu, nikageuka, nikatoka. Nikaingia tena, nikatoka. Mara nne, bila haja yoyote. Kisha nikanywa glasi tatu za maji mfululizo, nikalia kidogo, nikapanda kwa lifti kwenda kumwambia Haroun kwamba nimepona kichefuchefu na nataka samaki.

Lalamiko langu katika nambari hii ni kwamba nimeharibika. Zamani nilikuwa mtu wa kuridhika. Sasa nimerudi Garsen sipiti mlangoni bila kuupima. Duka la dawa ni inchi ishirini na saba na ngazi mbili. Kule ninakopeleka vitambaa kudariziwa ni inchi ishirini na nne, na gunia la mchele limesimama katikati. Iko ofisi moja, siitaji jina, yenye ngazi saba, na juu ya ngazi ya saba pana bango lisemalo wenye ulemavu watahudumiwa kwanza. Nilisubiri chini hadi wakafunga. Haya yote sikuyaona kabla ya safari. Mlionipeleka mnawajibika.

7. Kutokana na hayo, nimeipima na nyumba yako, juzi mlipokuwa msikitini. Mlango ni inchi thelathini, hauna neno. Kizingiti ni inchi sita za saruji, ulichojengesha mwaka ule mto ulipofurika. Tangu niumie zimepita Idi kumi na mbili, na Idi zote hizo nimeingizwa kwako nikiwa nimebebwa na wanaume wanne. Mwaringa, jirani yako, ana upande wake maalumu, wa nyuma kushoto. Naingizwa kama kochi, nawekwa pale panapofaa kochi, nikielekezwa kwenye televisheni. Nikitaka kutoka nasubiri waliobeba wamalize pilau. Kila mara unasema, "Dada yetu si mzigo," na kila mara unasema hivyo nikiwa hewani.

Kwa hiyo natamka rasmi yafuatayo. Fundi Kenga ameniambia kwamba kuondoa kizingiti hicho na kumwaga mteremko wa saruji ni kazi ya kutwa moja, na akiinua kijiukuta kidogo uani, maji ya mto hayatakufikia. Yuko tayari Jumamosi. Mteremko huo nitaupima mimi, utepe ni wangu. Usipokubali, Idi ijayo sitabebwa. Nitakuja na kiti changu, nitaegesha nje ya mlango wako na sufuria langu la pilau, na nitapakulia hapohapo. Wageni watachagua wenyewe waingie ndani au wakae nami. Kisha mwaka utakaofuata nitamwomba Haroun aninunulie hema.

Hili ndilo ninalolitaka, Kaka, na sitaki kulificha ndani ya mzaha: nataka niingie kwako kwa mikono yangu, nikuone umekaa, nikupe mkono wa Idi kabla wewe hujainuka.

Nifikishie salamu kwa Wifi Bahiya, na umwambie kitanda chake kilisafiri salama na hakikutapika. Wasalimie wanakamati wote kumi na wanne, Ishmael akiwemo. Msalimie Mzee Halake mara mbili. Haroun anakuamkia, anasema shikamoo Mjomba.

Nakuombea afya na maisha marefu, nami nabaki dada yako mtiifu kadiri inavyowezekana,

Mwanamize

Tanbihi: Sumeya amenitumia picha ya gauni analotaka la harusi yake, jembamba, la rangi ya samawati, lisilo na mkia. Nimeiangalia picha, nimeiweka kando. Nimeamua avae jeupe, pana, la mkia wa mita tatu na mikono iliyofika kwenye vidole. Hakuna haja ya kumuuliza. Huyo mtoto nimemlea, namjua kuliko anavyojijua. Kitambaa nimeshakata.